Ukoka umemeza maua, wedelia imemeza ukoka: kumtafuta anayempa mshindi nguvu

Kabla hujamlipa mtu aje ang'oe kila kitu na kumwaga udongo mpya, chuchumaa pale mimea miwili inapokutana. Wengi wetu Dar tunaitazama bustani tukiwa tumesimama barazani. Tunaona mmea mmoja umesambaa, mwingine umesinyaa, na hukumu inatoka hapo hapo: huyu mkorofi, ang'olewe. Anang'olewa. Mvua za masika zikishika, karudi, tena kanenepa.

Mmea unaotambaa haushindi kwa ukorofi peke yake. Kuna kitu mahali pale kinaubeba: jua, kivuli, maji ya chumvi, namna nyasi zinavyokatwa, mbolea iliyomwagwa. Kitu hicho kikibaki kama kilivyo, utang'oa kila mwaka. Kwa hiyo hapa chini tunaanza na dalili unayoiona, halafu tunamtafuta anayempa mshindi nguvu.

Kwanza kabisa: shina linapita wapi?

Chukua chepe, chimba kipande cha kama sentimita 30 kwa 30 mpakani, kina cha kiganja kizima. Inua, tikisa udongo utoke, utazame.

Shina likiwa limelala juu ya ardhi na kushusha mizizi kwenye kila kifundo, unashughulika na nyasi za Pemba, wedelia, zebrina (ile ya majani yenye mistari) au jamaa zao. Hao wanavukia juu, na unaweza kuwazuia juu. Ukikuta shina jeupe, gumu, lenye ncha kali likipita chini ya udongo, na jingine la kijani likitambaa juu, huo ni ukoka, ambao una njia mbili na utatumia zote. Ukikuta vinundu vya kahawia vimeunganishwa na nyuzi nyembamba ngumu, hiyo ni ndago, na shughuli yake ni tofauti kabisa.

Usiruke hatua hii. Nimeona watu wakimwagia ndago dawa ya magugu ya majani mapana na kusubiri muujiza.

Dalili: majani manene yenye maua ya njano yamepanda juu ya kila kitu

Hiyo ni wedelia, Sphagneticola trilobata kwa jina la kitaalamu. Asili yake ni Amerika ya Kati na visiwa vya Karibiani, na imo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani iliyotolewa na shirika la uhifadhi la IUCN. Hilo haliizuii kuuzwa kwenye viriba katika vitalu vya kando ya barabara, na muuzaji hakudanganyi akikwambia "hii haikusumbui, inajaa yenyewe". Inajaa kweli.

Ishike shina moja ulivute taratibu. Litanyooka mita nzima, likikwanyuka kwenye ardhi kifundo baada ya kifundo, na kila kifundo kina kishungi chake cha mizizi myeupe. Sasa angalia nyuma yako: mara nyingi vipande viwili au vitatu vimekatika na kubaki udongoni. Kipande chenye kifundo kimoja, kikipata unyevu, ni mmea mzima baada ya wiki chache. Ndiyo maana kuifyeka kwa panga katikati ya masika na kuiacha pale pale ni sawa na kuipanda.

Sababu zinazoipa ushindi ni maji mengi na jua la kutosha. Tafuta maji hayo yanatoka wapi. Kwenye nyumba nyingi kichaka kinanenepa pale mpira wa maji unapovuja, bomba la kiyoyozi linapodondosha, au maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa. Hamisha maji hayo kwanza. Kwenye kivuli kizito wedelia inakonda na maua yanapungua, kwa hiyo ukiiona imenona chini ya mti, fahamu kuwa huenda mti wako umepogolewa sana na mwanga unapenya.

Kuiondoa, subiri kiangazi cha Januari na Februari. Lowanisha eneo jioni ili udongo ulegee, asubuhi yake vuta mashina ukiyafuata mpaka mwisho, usikate. Pitia tena kwa uma wa bustani kutafuta vipande. Vyote uvitandaze kwenye saruji juani mpaka vivunjike mkononi kama biskuti. Hapo ndipo vinaweza kwenda kwenye mboji. Halafu rudi kila wiki mbili, maana vitachipua vingine, na ving'oe vikiwa na majani manne tu.

Ukitaka kubaki nayo, ipe mpaka na uukate mpaka huo kila wiki mbili wakati wa mvua. Kwenye mteremko unaomomonyoka inashika udongo vizuri, hilo siikatai. Ila kwenye kiwanja kidogo singeipanda upya, na karibu na mto au mtaro unaoelekea mtoni singeipanda hata kwa bure. Wanaosema inafuga nyoka nao hawajakosea sana: zulia likifika magotini ni makazi ya panya, na nyoka anamfuata panya.

Dalili: nyasi nyembamba zinachomoza katikati ya Pemba, mondo (mmea mfupi wa mapambo wenye majani kama nyasi) au maua

Ukoka. Majani membamba ya kijani cha kijivu, na shuke lake lina vidole vitatu hadi saba vilivyotoka sehemu moja. Hapa sababu ziko tatu, na ni vizuri kuzijaribu kwa mpangilio.

Anza na urefu wa kukata. Hili ndilo kosa kubwa kwenye nyasi za Pemba, zile za majani mapana zinazolala vizuri hata kwenye kivuli cha ukuta. Pemba inataka kuachwa na urefu wa sentimita tano hadi nane. Anayekata, ili asiitwe tena mapema, anazinyoa mpaka udongo unaonekana. Mwanga unafika chini, Pemba inabaki mashina matupu, na ukoka, ambao unavumilia kunyolewa mpaka sentimita mbili, unapata nafasi. Mwezi mmoja wa kunyolewa hivyo unatosha kuona mabadiliko. Mwambie fundi wako wazi, na mpimie kwa kidole: "Kaka, isishuke hapa." Kama anatumia fyekeo badala ya mashine, ni vigumu zaidi kushika urefu mmoja, basi afyeke mara nyingi zaidi na kidogo kidogo.

Pili, jua. Ukoka unapenda jua kali na hauvumilii kivuli. Hesabu saa: toka saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, eneo lile linapata jua la moja kwa moja kwa muda gani? Likipata saa sita au zaidi, na udongo ni mchanga, unapambana na mmea ulio nyumbani kwake. Hapo ushauri wangu ni kukubali yaishe: ufanye ukoka ndio zulia lako pale juani, na maua uyatenganishe kwa mpaka. Kung'ang'ania mondo kwenye jua la mchana Kigamboni ni kutafuta lawama.

Tatu, mpaka wenyewe. Tofali moja lililolazwa juu ya udongo ni pambo tu, ukoka unapita chini yake. Kizuizi kizuri kinashuka sentimita 20, na kwenye mchanga mtupu hata 30, kisha kinabaki juu ya ardhi kama sentimita tano ili mashina ya juu yasiruke. Matofali yaliyosimamishwa wima na kuungwa kwa saruji yanafaa. Vipande vya bati chakavu vinafaa pia, ila makali yake yanakata miguu ya watoto, kwa hiyo juu yakunje. Mimi napendelea kitu rahisi zaidi: mfereji mtupu wa upana wa chepe, kando ya kitanda cha maua. Shina likivuka linaonekana likining'inia hewani, unalikata kwa panga umesimama. Uchimbe kwa mteremko kidogo ili maji yasituame ukafuga mbu.

Ukoka ulioingia tayari katikati ya mashina ya mondo haukatwi, unatolewa. Ng'oa kichaka kizima cha mondo, kioshe mizizi ndani ya ndoo, chambua mashina meupe ya ukoka moja moja, kisha rudisha mondo. Ni kazi ya kuchosha na haina njia ya mkato inayookoa mondo.

Dalili: umeng'oa kimoja, vimeota vitano

Ndago. Majani yake yanafanana na nyasi lakini shina la shuke lina pembe tatu. Lizungushe kati ya vidole utazihisi. Chimba usivute. Utakuta kinundu cha ukubwa wa punje ya maharage, ngozi ya kahawia, ndani cheupe, na kina harufu kidogo ukikivunja. Kutoka hapo kuna uzi mwembamba unaokwenda kwenye kinundu kingine, na kingine.

Sasa sababu ya vitano kuota: vinundu vilivyo kwenye mnyororo mmoja vingi vinalala. Ukikata kilichoota, unakata mnyororo, na vilivyolala vinaamka. Kwa hiyo kupalilia mara moja kwa mwezi kunaiongeza. Kinachoichosha ni kupalilia kila wiki mbili bila kukosa msimu mzima, kabla majani mapya hayajarudisha chakula chini na kutengeneza vinundu vingine. Ukiweza kuchimba, vinundu vingi viko kwenye sentimita 15 za juu. Chekecha udongo huo.

Nailoni nyeusi usihangaike nayo, ncha ya ndago inaitoboa. Udhaifu wake ni kivuli. Zulia zito la Pemba iliyoachwa ndefu, lisilo na mapengo, linaizuia kuliko jembe. Ndago ikitawala sehemu, hiyo sehemu ina upara unaoingiza mwanga, na mara nyingi pia maji yanatuama hapo.

Na ilifikaje? Uliza udongo. Ule mweusi unaoletwa kwa lori au kirikuu, ukimwagwa getini unaonekana dhahabu, unaweza kuwa umechimbwa bondeni penye ndago tele. Kabla hujalipa, chota ndoo moja, uimwagie maji na kuiacha juani wiki mbili. Kikichipua kitu chenye majani ya kung'aa yaliyojipanga pande tatu, usichukue. Muuzaji atanuna. Mwache anune.

Dalili: kingo zinaungua, mmea unarudi nyuma, lakini hakuna anayeusonga

Hapa ndipo mimea inasingiziwa. Unaona zebrina inakufa, nyasi za paspalamu zinasogea, unadhani paspalamu imeua. Tazama majani yanayokufa: kama ncha na kingo zimekauka rangi ya kahawia huku katikati bado kijani, fikiria maji kwanza.

Visima vya maeneo ya karibu na bahari, kuanzia Kunduchi na Mbezi Beach mpaka Msasani na Kigamboni, mara nyingi vina chumvi. Weka matone machache kwenye sahani ya rangi nyeusi, yakauke juani, kando yake matone ya maji ya kunywa. Ukungu mweupe mnene upande wa kisima ni jibu. Udongo wenye gamba jeupe juu, hasa Februari kabla ya mvua, ni jibu jingine.

Mimea haivumilii chumvi sawasawa. Paspalamu ya pwani yenye majani membamba inavumilia sana, ukoka na Pemba pia ziko vizuri, ila mondo, zebrina na maua mengi ya mapambo yanaumia mapema. Kwa maneno mengine, kila jioni unapofungua kisima unalipigia kura zulia la nyasi. Kung'oa paspalamu hakutasaidia kitu. Mimea laini ipe maji ya bomba au ya mvua yaliyokingwa kwenye simtanki, au ihamishie kwenye vyungu. Kisima kitumike kwenye nyasi, tena kwa kumwagilia mara chache na kwa wingi ili chumvi isukumwe chini, badala ya kunyunyiza kidogo kidogo kila siku na kuiacha ijikusanye juu.

Kuna kisa cha pili kinachofanana. Majani machanga ya juu yanakuwa ya njano lakini mishipa yake inabaki kijani. Hapo chuma hakifiki kwenye mmea kwa sababu udongo una chokaa nyingi. Msasani, Masaki na Oysterbay kuna miamba ya matumbawe ya kale chini, lakini hata Goba au Kimara utaliona hilo kando ya ukuta mpya, pale mafundi walipochanganyia zege na kufukia mabaki. Chimba. Ukikuta vipande vya saruji, viondoe na sentimita 20 za udongo huo, jaza mboji. Majani ya njano yakianzia chini, kwa yale ya zamani, basi ni naitrojeni imepungua, na hilo linaweza kweli kuwa la ushindani wa mizizi.

Dalili: karanga za mapambo zinapotelea ndani ya nyasi

Ile jamii ya karanga yenye maua madogo ya njano, isiyoliwa, inayopandwa badala ya nyasi. Uliza swali moja: nani ameweka mbolea ya urea? Mmea huu unajitengenezea naitrojeni kwenye mizizi yake kwa msaada wa bakteria. Nyasi haziwezi. Ukimwaga urea, mbolea ya CAN au ya kuku juu ya mchanganyiko huo, unazipa nyasi kitu pekee zilichokikosa. Acha mbolea hiyo, kata nyasi zikiwa juu ya karanga, na usawa utarudi baada ya miezi kadhaa.

Dalili: chini ya mwembe hakuna kinachoshika

Mti umeshinda, si jirani yake. Mizizi ya mwembe inakunywa maji yote ya juu, na kivuli kinamaliza kazi. Pemba itafika ukingoni mwa kivuli na kusimama. Ndani zaidi jaribu mondo kwa kumwagilia, au tandaza majani makavu na uache hivyo. Majani ya mwembe yaliyofagiliwa kila asubuhi mpaka udongo ukang'aa ni mazoea yetu, lakini udongo uliofagiliwa unakuwa mgumu na maji ya mvua yanapita juu yake.

Dalili: zulia limenenepa, linadunda ukilikanyaga, na katikati kuna upara

Tabaka la mashina makavu limejikusanya kati ya majani na udongo. Maji hayafiki chini. Ingiza kidole: likizidi sentimita mbili au tatu, kwangua kwa reki ya chuma mwanzoni mwa mvua, si kiangazi, ili mmea uwe na nguvu za kujifunika tena.

Kuhusu dawa

Glaifoseti, dawa ya magugu, inaua karibu kila jani la kijani, na mmea unaoutaka umo. Kwenye mimea iliyofumana, usinyunyize. Paka kwa brashi au sponji kwenye majani ya adui tu, ukiwa na glavu. Inafanya kazi kwenye mmea unaokua, kwa hiyo ukoka uliosinyaa kwa ukame umwagilie siku chache kabla, ndipo upake, asubuhi isiyo na dalili ya mvua. Dawa za majani mapana zinaacha nyasi na kuua wedelia, lakini pia zitaua karanga zako za mapambo, na zikipeperuka zitafika kwenye mchicha na matembele ya jirani. Nunua chupa yenye lebo inayosomeka na namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, si ile ya kupimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Funga kuku mpaka majani yakauke, na usipake karibu na kisima.

Zebrina na yale majani ya zambarau nayo yashike kwa glavu. Utomvu wake unawawasha baadhi ya watu, na mbwa akijilaza humo utamwona akijikuna.

Ratiba inayofuata hali ya hewa ya hapa

Dar inapata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi kati ya Machi na Mei, kisha vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kung'oa kuwe Januari na Februari, wakati kipande kilichosahaulika kina nafasi kubwa ya kukauka. Mipaka ichimbwe wakati huo huo, udongo ukiwa haujawa tope. Kupanda kuwe mvua zikianza, na panda kwa kubanana, maana pengo lolote litajazwa na usiyemwalika. Kipupwe, Juni hadi Agosti, ukuaji unapungua na ni muda mzuri wa kazi ya kuchambua mondo kwenye ndoo.

Dalili: kwa jirani kumejaa, na chanzo ni kwako

Au kinyume chake. Wedelia inapita kwenye matundu ya maji chini ya ukuta, ukoka unapita chini ya msingi mfupi. Kukata upande wako peke yako ni kazi ya kila wiki. Mgongee, "Shikamoo mama, naona majani yangu yamekuja kukutembelea," mkubaliane siku moja ya kung'oa pande zote mbili. Weka wavu wa chuma wa matundu madogo kwenye yale matundu ya maji, uusafishe kabla ya mvua usije ukazuia maji na kuzua ugomvi mwingine.

Na mlichong'oa kisitupwe korongoni. Masika yatakibeba mpaka mto Mlalakuwa au Msimbazi, na kila kifundo kitashika kando ya maji. Kikaushieni kwenye saruji, au kifungeni kwenye mifuko ya salfeti na kukiweka juani mpaka kiwe makapi, ndipo kiende kwenye gari la taka.